Deni la Mwunda Chombo

Kila chombo kina watu wawili: mwenye kukiunda na mwenye kukipanda. Katika jahazi watu hawa hutengana siku ya kushua. Fundi hubaki pwani na tezo yake, nahodha huenda na bahari. Katika pikipiki ya mashindano, hasa ile iundwayo na mtu asiye na kiwanda wala mshahara wa kazi hiyo, kwa akiba ya fedha yake na saa zake za usiku, mara nyingi watu hawa wawili hukaa katika mwili mmoja. Na hata wanapokuwa wawili kweli, husimama karibu sana, mmoja akimtazama mwenzake usoni kabla ya kuondoka. Kwa hiyo pikipiki ya namna hii ni mahali panapofaa kuulizia swali la zamani: mtu aundaye kwa mkono wake kitu ambacho uhai unakitegemea, adaiwa nini, na mwenye kumdai ni nani?

Jibu jepesi lajulikana katika mabanda yote ya mashindano. Husemwa kwamba mtu apandaye chombo chake mwenyewe hadaiwi kitu. Shingo ni yake, fedha ni yake, na ikiwa ni kuanguka ataanguka yeye. Jibu hili si la kudharauliwa, kwa kuwa ndani yake mna heshima ya uhuru wa mtu, na wengi walioishi kwalo wamefanya mambo makubwa. Walakini lina kasoro, na kasoro hiyo haionekani mpaka kazi yenyewe iwe imetazamwa kwa karibu: fremu ni kitu gani, yafanya nini, na nani ajuaye kama imefanywa vyema.

Watazamaji hudhani kuwa mbio ni kazi ya injini. Injini hupiga kelele, na kitu chenye kelele hupata sifa. Lakini nguvu yote ya injini, na nguvu yote ya breki, na uzito wote wa mtu na chombo, hupita katika sehemu mbili za mpira zigusazo ardhi, kila moja haizidi kiganja cha mkono. Kazi ya fremu ni kuyaweka magurudumu mawili katika mstari mmoja na kumletea mpandaji habari za viganja hivyo viwili. Kichwa cha fremu, ambamo uma wa mbele huzunguka, hakisimami wima. Katika pikipiki za mashindano hulala nyuma kwa kiasi cha nyuzi 23 hadi 25. Mstari wa usukani ukiendelezwa kwenda chini hugusa ardhi mbele ya mahali ambapo tairi inagusa, na masafa yaliyo kati ya nukta hizo mbili, aghalabu milimita 90 hadi 100, yaweza kuitwa mkokoto, kwa kuwa gurudumu hukokotwa nyuma ya mstari wake kama gurudumu dogo la kitoroli cha hospitali linavyojigeuza lifuate anakosukumwa mgonjwa. Mkokoto ndio uipao pikipiki hamu ya kwenda mbele sawasawa. Ukipunguzwa, pikipiki hugeuka upesi na kuwa na wasiwasi. Ukizidishwa, hutulia na kuwa nzito ya kuongoza. Hakuna kipimo kimoja kiwafaacho wote. Kijana mwepesi katika njia yenye kona za karibu na mtu mzito katika njia yenye kona ndefu hawawezi kukubaliana, na wote wawili wana haki.

Tena hakuna jambo moja ndani ya fremu liwezalo kuguswa peke yake. Mtu huinua nyuma ya pikipiki kidogo, akitaka igeuke upesi. Ameifupisha mikokoto bila kuigusa. Amehamisha uzito kwenda mbele. Ameubadili mteremko wa mkono wa nyuma, na kwa hiyo ameubadili mvuto wa mnyororo wakati wa kuongeza mwendo, hata pikipiki iliyokuwa ikichuchumaa nyuma ikitoka katika kona sasa inasimama. Huyo aliyefikiri ametenda jambo moja ametenda manne. Miguu ya uma ikisogezwa milimita 5 tu katika vishikizo vyake, mpandaji hodari atajua kabla ya kumaliza mzunguko wa kwanza, ingawa hataweza daima kusema alichojua.

Hapo pana ajabu yenye kufaa kufikiriwa. Mtu akitaka kwenda kulia akiwa katika mwendo, husukuma mbele mkono wa kulia wa usukani. Gurudumu huelekea kushoto kwa nukta ya wakati, pikipiki hulalia kulia, ndipo kona huanza. Maelfu ya watu wamepanda miaka mingi wakitenda hivyo kila siku, na wakiulizwa huapa kwamba hutenda kinyume chake. Mkono wajua, ulimi wakanusha. Katika kazi nyingine kosa la namna hii lingekuwa la kuchekesha tu. Kwa mwunda fremu ni jambo zito, kwa sababu ushahidi wake wote hutoka katika ulimi wa mpandaji, na mpandaji mwenyewe hajui vyema mwili wake umeona nini.

Historia ya fremu iliyo maarufu kuliko zote ilianza kwa ushahidi wa aina hiyo. Rex McCandless wa Ireland ya Kaskazini hakuwa mhandisi wa chuo kikuu. Alijifundisha mwenyewe, akajenga pikipiki yake katika miaka ya vita, akaona kwamba gurudumu la nyuma likishikwa na mkono wenye springi na vizuia mtikisiko, chombo hukaa ardhini mahali ambapo vingine huruka. Kampuni ya Norton ya Uingereza wakati huo ilikuwa na injini nzuri ya silinda moja iliyokuwa imekwisha zeeka, na fremu ambayo wapandaji waliipa jina la utani la lango la bustani. McCandless aliwaundia fremu ya mabomba ya chuma cha pua ya Reynolds 531, mizingo miwili iliyopishana kichwani, viungo vikiwa vimelehemiwa kwa shaba. Harold Daniell alipoipanda alisema ni kama kulala juu ya godoro la manyoya, na jina hilo la godoro ndilo lililobaki hata leo. Mwezi wa Juni 1950, katika kisiwa cha Man, ambako mzunguko mmoja wa barabara ya mlimani ni maili 37 na robo tatu, Norton walichukua nafasi tatu za kwanza katika mashindano ya Junior na tatu za kwanza katika ya Senior. Mwaka 1951 Geoff Duke alikuwa bingwa wa dunia wa daraja la 350 na la 500, na Gilera wa Italia wakiwa na silinda nne dhidi ya yake moja.

Yafaa kuangalia kwamba Daniell hakusema fremu ile ni kali, wala ni ya kasi. Alisema ni ya starehe. Watu wenye fikara za kishujaa huona haya kusikia starehe ikitajwa pamoja na mashindano. Lakini mtu ambaye mikono yake haipigwi na usukani, ambaye mgongo wake hauvunjwi na kila shimo, ana akili iliyobaki ya kutazama kona inayokuja. McCandless alisikiliza neno la mtu aliyepanda, akalipa thamani sawa na kipimo cha rula. Katika kazi hii huo ni mwanzo wa uadilifu.

Baadaye waundaji walishika somo moja kati ya masomo ya fremu ile, yaani ugumu, wakalipeleka mbali kuliko lilivyostahili. Mabomba yaliachwa, mihimili minene ya alumini ikatoka kichwani hadi kwenye mhimili wa mkono wa nyuma, na kwa muda ilionekana kwamba kila kuzidisha ugumu ni kuzidisha ubora. Halafu ikaonekana si hivyo. Pikipiki ya mashindano makubwa ya leo hulala katika kona zaidi ya nyuzi 60 kutoka wima. Ikiwa imelala namna hiyo, mgongo wa barabara haumsukumi mpandaji kwa njia ya springi. Husukuma gurudumu kwa ubavu, na springi, ambazo zimejengwa kupanda na kushuka, haziwezi kusaidia ila kidogo. Fremu isiyopinda hata kidogo kwa ubavu humtupia mpandaji kila kokoto, tairi hutetema na kuachia ardhi bila kutoa onyo. Kwa hiyo wahandisi walianza kuipunguzia fremu ugumu wa ubavu kwa makusudi, wakauacha ugumu wa mbele kwa nyuma uhimili breki. Wapo watakaokimbilia hapa kufanya mithali, kwamba yafaa mtu awe na kadiri katika mambo yote. Mithali hiyo iachwe, maana hapana kadiri hapa. Fremu hutakiwa kuwa ngumu sana upande mmoja na laini upande mwingine, na kujua ni upande upi kumewagharimu watu wenye vyombo vya hesabu na fedha nyingi miaka mingi ya makosa.

Kama ndivyo kwa wenye viwanda, mtu mmoja katika banda lake ana haki gani ya kushika msumeno? Swali hili huulizwa na watu wema, na hujibiwa vibaya na watu wa pande zote mbili. Mwenye kupenda kazi yake hujibu kwa kutaja majina ya watu waliofaulu, kana kwamba kufaulu kwa mmoja ni cheti cha wote. Mpinzani wake huwataja walioanguka kwa hoja ya namna hiyo hiyo. Jibu la haki ni lazima lianze mahali pengine, katika jambo dogo lisiloonekana, nalo ni kiungo.

Bomba likiunganishwa na bomba kwa shaba iliyoyeyushwa, shaba hutakiwa kuingia na kushikamana na chuma pande zote. Chuma kikiwa hakikusafishwa, au moto ukiwa haukutosha, shaba hukaa juu kama asali juu ya sahani yenye mafuta. Kwa nje kiungo kizuri na kiungo kibaya vyaweza kufanana kabisa. Kikipigwa tupa na kupakwa rangi, hufanana zaidi. Mkaguzi wa mashindano hupita asubuhi na tochi yake, hutikisa gurudumu, hushika breki, hutazama nati. Hawezi kuona ndani ya kiungo. Mpandaji hawezi. Katika dunia nzima ni mtu mmoja ajuaye kwamba saa sita ya usiku gesi ilikuwa ikikaribia kwisha na kiungo cha nne hakikupata moto kama cha tatu. Ujuzi huu ambao hapana mwingine awezaye kuwa nao ndio mzizi wa deni. Adaiwaye zaidi ni ajuaye peke yake, na mwunda chombo hujua peke yake mambo mengi.

Sasa kasoro ya jibu jepesi yaanza kuonekana. Lilisema kwamba mtu apandaye chombo chake hadaiwi na mtu. Lakini anayejenga usiku na anayepanda Jumapili, ingawa jina lao ni moja, hawataki jambo moja. Mwundaji ametumia miezi minane na anataka kazi yake iwe njema. Mpandaji anataka kurudi nyumbani. Pikipiki ikitikisa kichwa ikitoka katika kona, usukani ukipiga kulia na kushoto mara 6 mpaka 10 kwa sekunde moja, mpandaji husema moyoni kwamba fremu ina ugonjwa, naye mwundaji humjibu upesi kwamba ni tairi, ni upepo, ni barabara. Aghalabu mwundaji hushinda, maana ana maneno mengi. Watu wawili ndani ya mwili mmoja waweza kudanganyana vizuri kuliko majirani, kwa kuwa hakuna shahidi wa tatu.

Kuna kifaa kidogo kiitwacho kizuia mtikisiko cha usukani, silinda nyembamba yenye mafuta ifungwayo baina ya fremu na uma. Katika pikipiki nzima ni msaada wa haki. Nguvu za ghafla za mbio huwa kubwa, na wapandaji wengi wa mashindano hukitumia. Katika pikipiki gonjwa kazi yake ni nyingine. Hukaza skrubu, na mtikisiko huisha, na beringi za kichwa zilizolegea, au mkono wa nyuma uliopinda, hubaki vile vile na kunyamazishwa. Kosa la kimaadili ni hapo, katika kumfunga mjumbe kinywa na kusema kwamba habari ni njema. Na upo mtikisiko mwingine, wa polepole, mara 2 hadi 4 kwa sekunde, ambao chombo kizima huyumba kama samaki katika mwendo mkubwa. Huo kifaa hiki hakiuponyi, na kikikazwa mno huweza kuuzidisha. Aliyenyamazisha ugonjwa mmoja huweza kuwa ameulisha wa pili.

Dawa waliyoiona waundaji wema ni ya kuchosha na haina utukufu: daftari. Badili jambo moja, panda, andika. Lirudishe lilivyokuwa, panda, andika tena. Mtu abadiliye springi na tairi na urefu wa nyuma usiku wa Jumamosi, akapanda Jumapili akapunguza sekunde moja, amepata sekunde na hakupata ujuzi. Hana haki ya kumwambia mwenzake kwamba springi ile ni nzuri. Wengi humwambia. Mabanda ya mashindano yamejaa ushauri uliozaliwa hivyo, na vijana wameupokea kama sheria.

Katika hao waliopanda walichokiunda, mfano ulio bora wa kulitetea lile jibu jepesi ni Burt Munro wa Invercargill, New Zealand, aliyezaliwa 1899. Alikuwa na Indian Scout ya mwaka 1920, akaibadili kwa muda wa zaidi ya miaka arobaini, akimimina pistoni zake mwenyewe, na mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 68, akaipeleka katika uwanda wa chumvi wa Bonneville huko Marekani na kupita maili 180 kwa saa, rekodi ya daraja lake. Mtu peke yake, katika uwanda mtupu, juu ya chombo alichokijua kila nati. Kama yupo asiyedaiwa, ni huyo. Na hata hivyo kitu cha kupendeza katika banda lake hakikuwa pikipiki. Kilikuwa rafu ambayo alipanga juu yake vipande vilivyovunjika na kuyeyuka, pamoja na maandishi kwamba ni sadaka kwa mungu wa kasi. Huenda alifanya mzaha. Lakini aliyeziweka pistoni zake zilizopasuka mahali ambapo kila mgeni angeziona alikuwa amemweka shahidi wa tatu katika chumba chake.

Bonneville ni pana na tupu. Viwanja vya mashindano havikuwa hivyo kamwe, na hapa jibu jepesi huvunjika kabisa. Kijana anunuaye pikipiki ya barabarani, tuseme Suzuki SV650 iliyotumika, na kuigeuza iwe ya uwanja, huondoa taa, vioo na kigingi cha kusimamia, na kila kilichoondolewa humfurahisha, maana chombo kinakuwa chepesi. Kisha hufika kwenye kazi isiyomwongezea kasi. Hutoboa tundu jembamba katika kichwa cha bolti ya mafuta ya injini, apitishe waya wa chuma, auzungushe na kuufunga mahali imara ili bolti isiweze kufunguka yenyewe. Hufanya hivyo tena kwa chujio la mafuta na kifuniko cha kujazia. Vyama vingi humkataza kutia katika rejeta dawa ya kuzuia maji kuganda, kwa sababu ikimwagika huteleza kama mafuta; hutakiwa kutumia maji. Ganda la chini la pikipiki hutakiwa kuzibwa lipate kushika mafuta yatakayomwagika injini ikipasuka.

Hakuna hata moja katika kazi hizo lenye kumlinda yeye peke yake. Bolti ikidondoka, mafuta yataangukia barabarani. Huenda yeye atamaliza mzunguko na kurudi bandani akishangaa. Atakayeyakuta ni mtu ajaye nyuma, aliyelala katika kona kwa nyuzi 50, ambaye hakuulizwa kama anakubali kazi ya banda la mwenziwe. Mtu aweza kutoa shingo yake. Hawezi kutoa ya jirani. Na kwa kuwa katika uwanja daima kuna jirani, hapana mtu katika uwanja apandaye kwa hasara yake mwenyewe tu. Waya ule, ambao bei yake ni senti chache, ndio sehemu ya pikipiki iliyojengwa kwa ajili ya mtu mwingine, na mkaguzi mwenye busara huutazama kwanza. Uliofungwa ovyo humwambia mengi juu ya viungo asivyoweza kuviona.

Imebaki hali iliyo ngumu kuliko zote, ya mtu aundaye na kumpa mwingine apande. John Britten wa Christchurch, New Zealand, alizaliwa 1950. Kusoma kulimpa taabu tangu utoto, lakini macho na mikono yake ilisoma vitu kwa namna nyingine. Pamoja na rafiki na majirani alijenga pikipiki iitwayo V1000, ambayo karibu haina fremu kwa maana ya kawaida: injini yenyewe ni uti wa mgongo, vipande vya nyuzi za kaboni vimefungwa juu yake mbele na nyuma, magurudumu ni ya kaboni, rejeta imewekwa chini ya kiti, na mbele pana uma wa mikono miwili wa jamaa ya ule aliobuni Norman Hossack, ambao hutenganisha kazi ya usukani na kazi ya springi. Inasimuliwa kwamba baadhi ya sehemu zilitiwa moto katika tanuri ambalo mkewe alichomea vyungu. Mwaka 1992 huko Daytona, Marekani, Andrew Stroud aliwatangulia juu yake watu wa Ducati mpaka hitilafu ya umeme ikamsimamisha; baadaye akarudi akashinda. Pikipiki za namna hiyo zilizojengwa ni kumi tu.

Mwaka 1994, katika mazoezi ya kisiwa cha Man, Mark Farmer, mpandaji wa Ireland ya Kaskazini, alianguka akiwa juu ya Britten mahali paitwapo Black Dub, akafa. Watu hufa katika kisiwa kile karibu kila mwaka, juu ya vyombo vya viwanda na vya mabanda, na si haki kuokota kifo cha mtu na kukifanya hoja dhidi ya mwingine. Britten mwenyewe alikufa kwa saratani mwezi wa Septemba 1995, akiwa na umri wa miaka 45. Kinachofaa kuulizwa ni cha watu wote wa kazi hii, kabla ya ajali wala si baada yake: mwundaji amwambie nini mpandaji?

Wengine hudhani ridhaa inatosha. Mpandaji ni mtu mzima, ametia sahihi, anajua kwamba mbio huua. Lakini ridhaa ya mtu haiwezi kuwa kubwa kuliko maarifa aliyopewa. Farmer, Stroud, au mwingine awaye yote apandaye chombo kipya, huridhia hatari za mbio, ambazo azijua kuliko mwundaji. Hawezi kuridhia kiungo cha nne, ambacho hakijui. Kila kitu alichokificha mwundaji, hata kama alikificha kwa matumaini, kimetolewa nje ya ridhaa. Na hapa matumaini ni ya kuogopwa kuliko ubaya, kwa kuwa mtu mbaya hujua kuwa anasema uongo. Mtu mwema aliyechoka, aliyetumia fedha ya nyumba, ambaye rafiki zake wamesafiri pamoja naye nusu ya dunia, hutazama ufa mwembamba kama unywele akauona ni mkwaruzo wa rangi.

Kwa hiyo haki ya mtu wa banda kushika msumeno haitoki katika werevu wake. McCandless alikuwa mwerevu, na waliojenga fremu ngumu zenye kutetema walikuwa werevu na matajiri. Yatoka katika uwezo wake wa kusema alichokifanya. Kiwanda kina wakaguzi, mashine za kuvunja vyuma kwa kujaribu, na wanasheria. Kikikosea, makaratasi yapo. Mtu mmoja hana hayo, ila ana njia fupi zaidi kuliko kiwanda chochote kutoka kwa aliyetenda hadi kwa atakayepanda: hatua tatu za sakafu ya saruji. Akiipita njia hiyo na kusema, "Kiungo hiki sikiamini, leo hatupandi," amefanya ambalo kampuni kubwa huhitaji mikutano kulifanya. Asipoipita, basi hana kitu ambacho kiwanda hakina, na hoja ya wapinzani wake imesimama.

Wapo wasemao kwamba kudai hivyo ni kudai utakatifu. La, ni kudai kazi ya kawaida ya uandishi. Jambo hili huonekana wazi msimu ukiisha, pikipiki za uwanjani zinapouzwa. Chombo hicho hakina namba ya barabara, mara nyingi hata ufunguo hakina, na historia yake haimo katika ofisi yoyote. Iko katika daftari, ikiwa daftari liliandikwa: tarehe za mafuta, milimita za uma, na ule ukurasa wa mwezi wa Mei ambapo pikipiki ilianguka, mkono wa nyuma ukapinda, ukanyoshwa na kuchomewa. Sasa umepakwa rangi na hauonekani. Muuzaji akilitoa daftari pamoja na pikipiki, bei hushuka, na mara nyingine mnunuzi husoma ukurasa ule, hushukuru, huenda zake kwenye banda la jirani kununua pikipiki isiyo na daftari.